Chuo kikuu au klabu ya taarab? Ulinganisho kwa kijana anayetaka kuishi kwa muziki

Mama mmoja wa Wete, Pemba, alinipigia simu usiku baada ya Isha. Tukaamkiana, tukaulizana hali za watu na za karafuu, halafu akanyamaza kidogo. "Mwalimu," akasema, "huyu mwanangu kamaliza kidato cha sita na kichwa chake chote kimo kwenye kupiga udi. Anasema anataka kuwa profesa wa muziki, atunge, aongoze okestra kama anavyowaona kwenye simu. Mjomba wake anasema aende Unguja aingie klabu, apige, apate chake. Miye sijui lipi lenye kheri. Nambie wewe uliyepita kote kuwili."

Sikumjibu usiku ule. Jambo la miaka ishirini ya mtoto wa mtu halijibiwi kwa dakika tano za vocha. Nimelifikiri, na nimeliandika hapa ili wasome na wengine, maana swali hili naulizwa mara nyingi, na wanaouliza wengi wao ni wazazi.

Mimi napiga fidla. Nimeanza kujifunza Mji Mkongwe, nikaenda bara kusoma shahada, nikafundisha chuo kikuu, na bado nikiwa Unguja jioni zangu ni za klabu. Binamu yangu tulianza naye pamoja, lakini yeye hakutoka klabu tangu ana miaka 16. Leo ni mtia sauti, anayezipa beti za washairi muziki wake, na nyimbo zake zinaimbwa harusini Unguja na Pemba. Kwa hiyo nikilinganisha njia hizi mbili, nalinganisha maisha yangu na ya ndugu yangu niliyekula naye sinia moja.

Urefu wa safari

Tuanze na hesabu, kwa sababu vijana wengi hawajaipiga. Shahada ya kwanza ni miaka mitatu. Uzamili ni miwili. Uzamivu ni mitatu au minne kwa aliyejaliwa, na wengi huvuka hapo. Ukitoka kidato cha sita na miaka 20, bila kupoteza hata mwaka mmoja, unaitwa daktari ukiwa karibu na 30. Na daktari bado si profesa. Ngazi ni mkufunzi msaidizi, mhadhiri msaidizi, mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, ndipo profesa kamili. Kutoka daraja moja kwenda jingine kuna miaka ya chini ya kungoja, aghalabu mitatu, na kungoja peke yake hakutoshi: lazima uwe na machapisho. Anayefika juu kabisa kabla ya miaka 40 amekimbia sana.

Mlango wa kwanza nao ni mwembamba. Matangazo ya kazi ya ukufunzi msaidizi kwa kawaida hutaka GPA ya 3.8 kati ya 5 katika shahada ya kwanza. Maana yake mustakabali wa uprofesa unaanza kuamuliwa mwaka wa kwanza, kwenye mtihani wa nadharia ambao mwenzako anaudharau kwa sababu yeye "anapiga vizuri". Nimewaona wapigaji hodari, mikono ya dhahabu, wamemaliza na 3.2 na mlango umefungwa.

Pa kusoma papo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina idara ya sanaa bunifu yenye muziki ndani yake. Tumaini Makumira, Arusha, kina shahada ya muziki yenyewe. Bagamoyo kuna TaSUBa, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, kwa ngazi ya stashahada, na nje kidogo Chuo Kikuu cha Kenyatta, Kenya, kina idara ya muziki iliyokomaa. Mikopo huombwa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar, na uiombe mapema. Na kabla ya yote hayo, hapa Mjini kuna Dhow Countries Music Academy, tangu 2002, ambako kijana wa Pemba anaweza kukaa na walimu wa udi, wa kanuni, kile chombo cha nyuzi nyingi kinachopigwa kikiwa kimelazwa, na wa fidla na akajifunza kusoma nota palepale.

Klabu haina ngazi za kuandikwa. Unakwenda, unasalimia wakubwa, unakaa nyuma. Unapewa rika, yaani tari ndogo, au ngoma ya dumbaki, au hupewi kitu, unasikiliza. Siku mpiga fidla wa tatu hakuja, mzee anageuka anakutazama wewe. Binamu yangu alikaa nyuma miaka minne kabla ya siku hiyo. Hakuna aliyemwambia ni miaka mingapi, na sidhani kama yeye mwenyewe aliihesabu.

Kutunga

Hapa ndipo tofauti ilipo kubwa kuliko yote, na ndipo ningependa kijana akae afikiri.

Neno "mtunzi" kwetu si neno moja na la chuoni. Katika taarab kazi imegawiwa. Mshairi anatunga beti, na mara nyingi hapigi chombo chochote. Mtia sauti anazipa beti zile muziki. Mwimbaji anazibeba. Wapigaji nao hujaza bashrafu, yaani muziki wa vyombo vitupu unaotangulia wimbo, vijibu vya kati na madaha yao. Wimbo mmoja una baba watatu, na kila mmoja anajulikana.

Nilikuwapo usiku binamu yangu alipoleta wimbo mpya. Karatasi ilikuwa imekunjwa mara nne mfukoni mwa kanzu. Alisoma mshororo wa kwanza: "Mkarafuu ni wangu, nimeulea mwenyewe." Akausoma tena, polepole, kidole kikigonga goti. Kisha akauimba kwa sauti ya chini, na alipofika "mwenyewe" akalivuta neno, akaliteremsha hatua tatu, akaliacha njiani. Fidla ya kwanza ikamfuata, ikakosea, ikafuata tena. Mpiga kanuni akainua vijiti viwili vya chuma kando ya nyuzi zake, tuni ikahama. Hakuna aliyeandika chochote. Kufikia saa nne za usiku wimbo ulikuwa umesimama. Wiki tatu baadaye uliimbwa harusini Ng'ambo, na palepale kwenye "mwenyewe" wanawake wakainuka kwenda kumtunza mwimbaji, noti mikononi, wakicheza polepole. Binamu yangu hakuwa na haja ya kumuuliza mtu kama wimbo ni mzuri.

Chuoni nilitunga peke yangu, mezani, kwa penseli. Mashairi, sauti, kila chombo, kila mapumziko, yote juu yangu. Kazi ikikamilika unampa mwalimu, anaijaza duara nyekundu, unairudia. Inapigwa mara moja mwisho wa muhula mbele ya watu arobaini, thelathini kati yao wanafunzi wenzako. Kisha inawekwa kabatini. Kuna upweke katika utunzi wa namna hii, na sitamficha mtoto wa mtu.

Lakini lipo la upande wa pili, na ndilo lililonifanya nisijute. Mpiga kanuni yule wa usiku ule amefariki. Bashrafu iliyokuwa ikitangulia wimbo wa mkarafuu ilikuwa ya mikono yake, na leo klabu nzima inakumbuka nusu yake tu. Nusu ya pili kila mtu anaijua kwa namna yake. Kazi yangu ya kabatini, kwa upande mwingine, akitokea mtu Chake Chake au Cairo akaitoa, atapiga kila nukta niliyoikusudia. Mtunzi wa chuo anapata jibu la watu baadaye sana, pengine hatalisikia. Mtunzi wa klabu analipata usiku huohuo, kisha linaanza kupotea.

Nadhani hii ndiyo sababu muziki wetu unahitaji maprofesa. Tangu enzi za Sultan Barghash, ambapo inasimuliwa kwamba Mohamed Ibrahim alipelekwa Misri kujifunza kanuni, na tangu klabu ya Ikhwani Safaa ilipoanzishwa mwaka 1905, sehemu kubwa ya ujuzi huu imekaa vichwani na mikononi. Siti binti Saad alisafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi, na bila sahani zile tungekuwa na masimulizi matupu. Kuandika ni namna nyingine ya kuhifadhi, na anayeweza kuandika makamu zetu, yaani mipangilio ya sauti ambayo nyimbo zetu hujengwa juu yake, kwa usahihi ni yule ambaye masikio yake yamelelewa nazo.

Kuongoza

Kijana wa Wete anapenda kijiti cha muongozaji. Naelewa. Nami nilikipenda.

Hapa kwetu anayesimama mbele ya wapigaji na kupunga mikono utamwona kwenye bendi za matarumbeta za vikosi, kwa mfano siku ya Mapinduzi, 12 Januari, au ni mwalimu wa kwaya katika makanisa ya Mkunazini na Minara Miwili. Taarab haina mtu huyo. Klabu kubwa kama Culture Musical Club, iliyopo tangu 1958, inaweza kuwa na fidla kadhaa, akodiani, udi, kanuni, besi, ngoma na safu ya waitikiaji, na wote wakaanza kwa pumzi moja kwa sababu fidla ya kwanza imeinua upinde. Uongozi ni wa jicho na bega. Hujifunzi darasani, unaupokea kwa kukaa karibu.

Nilipata funzo langu mwaka wa tatu. Niliandika bashrafu fupi katika makamu ya Rasti kwa fidla nane, chelo mbili na filimbi. Rasti ina nukta ya mi ambayo si mi ya kinanda wala si mi flati, ile iliyoshushwa nusu sauti: imekaa katikati, na ti vilevile. Niliweka alama yake sawasawa, flati iliyokatwa mkwaju. Nikapanda jukwaani, nikainua kijiti, nikashusha. Wenzangu walikuwa wapigaji wazuri, wengi wao wamekulia kwenye kwaya na solfa. Nusu yao wakapiga mi, nusu wakapiga mi flati. Nikasimamisha, nikaeleza kwa maneno. Tukarudia, mambo yakawa yaleyale. Mara ya tatu niliweka kijiti chini, nikachukua fidla yangu, nikaipiga nukta ile moja, ndefu. Nikawaambia waiimbe kabla ya kuigusa, kama tulivyofundishwa klabuni. Zoezi la saa nzima likaishia kwenye nukta moja. Siku ya onyesho fidla nne kati ya nane zilikuwa zimeipata, na nilizisikia kama mtu anayesikia lugha ya kwao ugenini. Mtahini mmoja aliandika kwamba tuni haikukaa sawa, na alama zangu zikashuka. Iliniuma, na hadi leo naamini hakujua alichokuwa anakisikiliza.

Kwa hiyo kijana ajue: chuoni atafundishwa mambo ambayo klabu haiwezi kumpa. Atajifunza kusoma mistari kumi na tano kwa mkupuo mmoja, kugawa zoezi la saa mbili ili kila mtu afanye kazi, kuwapa waliokaa nyuma ishara kabla hawajachelewa. Ni ujuzi wa kweli. Lakini atafundishwa kwa muziki wa watu wengine kwanza, na wa kwao atalazimika kuupeleka mwenyewe. Cairo mwaka 1932 ulifanyika mkutano mkubwa wa muziki wa Kiarabu, watunzi wa Ulaya Bartók na Hindemith wakiwemo, na moja ya mijadala yake ilikuwa jinsi ya kupanga na kuandika robo za sauti kama hizo. Mjadala haujesha. Anayetaka kuingia ndani yake aende na masikio yaliyokwisha kujua mi ya Rasti ilipo.

Okestra ya kudumu inayolipa mshahara wa muongozaji hapa visiwani hatuna. Anayetaka kuongoza kama kazi yake ya kwanza atafundisha ili ale, na ataongoza wanafunzi wake.

Fedha

Mhadhiri ana mshahara mwisho wa mwezi, bima ya afya, na mchango wa mafao. Akiugua mwezi mzima, watoto wanakula. Hilo si dogo. Kwa malipo hayo anatoa wakati: siku yangu ya Jumatatu ilianza na nadharia saa mbili asubuhi, kisha kusahihisha karatasi sitini, kisha kikao, zoezi la okestra saa kumi jioni, na utunzi, ukibaki na nguvu, usiku. Wiki nyingi sikubaki nazo. Vyuo vinahesabu makala kwa wepesi kuliko vinavyohesabu utunzi, kwa hiyo utaandika zaidi juu ya muziki kuliko kuandika muziki. Asiyependa kusoma na kuandika asijidanganye kwa jina la profesa.

Nafasi pia ni chache. Vyuo vinavyofundisha muziki nchini vinahesabika kwa vidole, na nafasi mara nyingi hufunguka mtu anapostaafu.

Klabu yenyewe haimlipi mtu akajenga nyumba. Wapigaji wengi wana kazi nyingine mchana: ofisi, skuli, fundi, bahari. Kinachomweka binamu yangu ni mchanganyiko: harusi, maonyesho ya Sikukuu, wanafunzi wa kumjia nyumbani, na kundi la watu watatu, udi, kanuni na dumbaki, linalopiga wakati wa chakula cha jioni hotelini. Msimu wa wageni ukiwa mzuri, kuna miezi anapata kuliko nilivyokuwa nikipata mimi. Ikija masika, hoteli zinapunguza. Ukiingia Ramadhani, taarab inalala. Na mwaka 2020 wageni walipokatika, alikaa miezi akiishi kwa samaki wa kaka yake. Nyimbo zake amezisajili COSOZA, chombo cha hakimiliki cha Zanzibar, na kila mtia sauti kijana afanye hivyo siku wimbo unapokamilika, asingoje kuusikia redioni.

Njia ya katikati, kufundisha kwenye chuo cha muziki kinachotegemea wafadhili, nzuri lakini si mwamba. Dhow Countries yenyewe ilitangaza hadharani mwaka 2019 kwamba fedha zimekauka na inakaribia kufunga. Ilinusurika, na nilifurahi kama aliyeponewa na mzazi, lakini walimu wake walijua siku zile kwamba ufundi wao haukuwa na kosa lolote.

Kwa watoto wa kike

Kwa muda mrefu klabuni mwanamke alikuwa mwimbaji, na vyombo vilikuwa mikononi mwa wanaume. Hilo limebadilika, kundi la Tausi ni la wanawake watupu, na wanapiga wenyewe. Hata hivyo msichana anayerudi nyumbani saa sita za usiku na fidla begani bado anasemwa, na anayefundisha chuo hasemwi. Nami, mwanamke, niliitumia kinga hiyo na siionei haya. Wazazi wa mabinti, lifikirini hili kwa uzito wake, kisha mtafutieni binti klabu yenye wanawake wakubwa wa kurudi nao.

Nani aende wapi

Kijana ambaye furaha yake ni watu wakiinuka pale anapopiga, abaki klabu, na asione kwamba amechagua kidogo. Bi Kidude hakukaa kwenye dawati la muziki siku hata moja, na dunia ilimpa tuzo ya WOMEX, maonyesho ya kimataifa ya muziki wa dunia, mwaka 2005 kwa alichokibeba kifuani.

Kijana ambaye wimbo ukiisha anabaki anajiuliza umejengwaje, ambaye anaweza kukaa na karatasi saa tatu bila kuitwa, huyo ana sura ya chuo. Amtazame Kwabena Nketia wa Ghana, aliyezaliwa 1921: alikuwa mtunzi na profesa, akafundisha kwao na Marekani, lakini nyimbo za wazee wa kwao zilikuwa masikioni mwake kabla ya kwenda kusoma London.

Ndiyo maana kwangu mimi suala kubwa ni kipi kitangulie. Klabu kwanza, miaka miwili, hata mmoja, chuo baadaye. Chuo kinaweza kukungoja hadi miaka 22. Mzee wa kanuni hakungoji. Ukienda chuoni mtupu utajazwa kilichopo kule, na utarudi ukiongoza vizuri muziki ambao bibi yako hautambui. Ila kama ufadhili umepatikana sasa na hauahirishiki, nenda, na kila likizo urudi ukae nyuma klabuni na rekoda ya simu ikiwa wazi, kwa idhini ya wenyewe.

Nilimpigia yule mama siku ya tatu. Nilipomaliza aliniuliza jambo moja tu, mtoto atalala wapi Unguja, nikamwambia kwetu kuna chumba. Akamwita.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Udi unao karibu? Nipigie Rasti. Polepole, ukipanda."

Nilisikia simu ikiwekwa sakafuni, na kuku mahali nyuma. Kisha udi. Mkono wake ni mwepesi, risha anayopigia nyuzi safi, do imesimama vizuri, re vizuri. Mi ikapanda mno, ikawa ya kinanda. Nikamwomba airudie, ikapanda tena.

Nikamwambia mama yake amkatie tiketi ya boti ya Alhamisi, na fomu za chuo azihifadhi hadi mwakani.